Uzi: Klabu zetu "zinapata mdhamini wa jezi" kila msimu. Hela iko wapi?

Mshona Namba (mleta uzi)

Wadau, salaam. Ligi yetu ya Uganda ikikaribia kuanza tunaona picha ileile: meza imefunikwa kitambaa, mwenyekiti wa klabu, mtu wa kampuni ya jezi, wachezaji wawili wamevalishwa vitu vipya vyenye mikunjo ya boksi, kalamu, makofi. Kesho yake magazeti yanaandika klabu imepata mdhamini wa jezi. Ukienda uwanjani katikati ya msimu unamkuta beki wa kushoto namba yake mgongoni imebanduka nusu, na shabiki aliyekaa mbele yako kavaa Arsenal.

Nataka tuongelee ile karatasi inayosainiwa pale mezani. Mimi niko kwenye biashara hii upande wa chini kabisa: nachapa majina na namba, nabandika nembo, narekebisha yaliyoharibika. Viongozi wa timu ndogo huniletea mikataba yao na kuniuliza, "Fundi, hii unaionaje?" Kwa hiyo nimesoma kadhaa. Msimamo wangu nautanguliza ili mnaotaka kurusha mawe mjipange: kampuni za jezi zipo tele. Klabu zetu zinachokosa ni hesabu ya jezi ngapi zimeuzwa, kwa nani, wapi. Ukikosa hiyo, ukikaa mezani unaomba, huuzi.

Tuanze na Ulaya, huko tunakokesha tukiangalia mpira wao. Mkataba wa Man United na Adidas ulioanza msimu wa 2015/16 ulikuwa pauni milioni 750 kwa miaka 10. Mwaka 2023 wakauongeza hadi 2035, kiwango cha chini pauni milioni 900. Mtu akisikia hivyo anadhani kuna mapenzi. Lakini ndani ya ule wa kwanza kulikuwa na kifungu: timu ikikosa Ligi ya Mabingwa misimu miwili mfululizo, malipo ya mwaka yanapunguzwa asilimia 30. Adidas hawakuwa na shida na heshima ya klabu wala historia yake. Walijua jezi inayoonekana Ulaya usiku wa Jumanne inanunuliwa dunia nzima, na ile isiyoonekana inanunuliwa na watu wa mtaani kwao.

Kisa kitamu zaidi ni cha Liverpool, na ningependa kila mwenyekiti wa klabu hapa Kampala akisome kabla hajashika kalamu. Liverpool walikuwa na New Balance. Mkataba ulikuwa unafikia mwisho Mei 2020, na ndani yake kulikuwa na haki ya kulinganisha: mwingine akija na ofa, New Balance akiifikia kwa vipengele vyote, anabaki. Nike wakaja. Walitoa pauni milioni 30 tu kwa mwaka, kiasi ambacho kwa klabu ile kilikuwa kidogo, lakini juu yake asilimia 20 ya mauzo halisi, na ahadi ya kuziweka bidhaa kwenye maduka yasiyopungua 6,000, yakiwemo 500 ya Nike wenyewe. Tena wakaandika kwamba watazitangaza kwa kutumia watu wakubwa wa nje ya soka, wa kiwango cha LeBron James, Serena Williams na Drake.

New Balance wakasema nasi tunalingana. Wakafika mahakamani London, Oktoba 2019. Hela taslimu haikuwa tatizo, pauni milioni 30 wangeitoa. Klabu ilitilia shaka kama wangefika maduka 6,000. Jaji akawaangusha kwenye kipengele cha matangazo: ofa yao haikuwa na watu wa kiwango kile. Fikirini hilo. Klabu ilikubali hela ndogo ya uhakika ili ipate mtandao wa kuuzia na asilimia yake. Na iliweza kukubali kwa sababu ilijua inauza jezi ngapi. Ukijua namba zako, asilimia 20 si bahati nasibu, ni mshahara. Tangu Agosti 2025 wamehamia Adidas, wakiwa wameshajua soko lao lina thamani gani.

Sasa njoo kwetu. Mikataba niliyoishika mimi, ukiondoa maneno ya kisheria, inasema hivi: kampuni itaipa klabu seti za nyumbani, za ugenini na za kipa, pamoja na za mazoezi. Klabu itaweka nembo ya kampuni. Zikizidi idadi hiyo, klabu inanunua "kwa bei nafuu". Basi. Hakuna mstari unaosema nani anauza jezi za mashabiki, kwa bei gani, kwenye maduka gani, na klabu inapata asilimia ngapi. Ipo niliyoiona ambayo klabu ndiyo inalipa, halafu imeandikwa juu "Mkataba wa Udhamini". Hapo nani anamdhamini nani?

Nakaribisha maoni. Matusi pelekeni kwenye uzi wa siasa.

Shabiki wa Mzunguko

Ssebo, umeandika vizuri ila umewaonea viongozi. Mashabiki wenyewe wako wapi? Ukienda uwanja wowote wa ligi siku ya kawaida unaweza kuwahesabu watu bila kuinuka. Nani atauza jezi elfu tano hapo?

Lakini nikupe ushuhuda unaokuunga mkono. Klabu yangu siitaji, nisije nikafukuzwa kijiweni. Msimu uliopita nilitaka jezi halisi, nina hela mkononi. Nikaenda ofisini, nikaambiwa anayeuza ametoka. Nikapewa namba ya simu. Huyo wa simu akanitumia kwa mwingine, anauzia kwenye buti ya gari siku za mechi peke yake. Siku ya mechi nikamkuta, amebaki na saizi ya mtoto na ile kubwa ya kumvika mlinzi wa geti. Nikarudi zangu soko la Owino, nikapata feki ya saizi yangu kwa dakika kumi na chenji ya chai. Feki ilikuwa na risiti hata!

Mla Rolex Wandegeya

Feki yenye risiti 😂😂 Banange hii nchi.

Msimbazi Damu (Dar)

Majirani, poleni. Huku tuliacha kusubiri kampuni kubwa za Ulaya zamani. Tunaye mzabuni wa jezi. Mfanyabiashara wa hapahapa anapewa haki ya kutengeneza na kuuza jezi za klabu, anailipa klabu hela iliyokubaliwa, halafu yeye ndiye anahangaika na kiwanda China, kontena, mawakala wa mikoani na mapambano na feki. Mwaka 2021 Simba walisaini na Vunja Bei, shilingi bilioni 2 za Kitanzania kwa miaka miwili. Mwaka 2025 wakasaini na Jayrutty, bilioni 38 kwa miaka mitano. Piga hesabu: kutoka bilioni 1 kwa mwaka hadi zaidi ya 7. Hapo hujagusa mdhamini wa kifuani. Watani zetu wa Jangwani, Yanga, nao wana kampuni yao ya GSM, siku ya jezi mpya mji unasimama.

Nyie mna watu milioni zaidi ya arobaini na tano. Kwa nini msifanye?

Mshona Namba

Msimbazi Damu, asante kaka, umeleta kitu nilichotaka kifike. Uangalie kilichotokea hapo: bilioni 1 ilipanda hadi 7 kwa sababu wazabuni waliopita waliuza, watu wakaona zinauzwa, na aliyefuata akaja na dau juu ya kilichoonekana. Ile bilioni 2 ya kwanza ilinunua hesabu.

Ila usitulinganishe kirahisi. Kwenu nchi imegawanyika mbili, Simba na Yanga, mtu wa Mwanza na wa Mtwara wana klabu ileile ya Dar. Kwetu waliokaribia hali hiyo ni Villa, Express na KCCA, na hata Villa walikaa miaka 20 bila ubingwa mpaka 2024. Halafu angalia orodha ya timu zetu: URA ni ya mamlaka ya mapato, Police ya polisi, Maroons ya magereza, NEC ya shirika la jeshi, BUL ya Jinja ina jina la kampuni ya Bidco. Kifua cha jezi kimeshakaliwa na mwenye nyumba. Mdhamini wa nje ataingilia wapi, na shabiki atakuwa nani?

Mla Rolex Wandegeya

Yaani mimi nivae jezi ya URA mtaani Wandegeya? Wenye maduka watafunga wote wakidhani nimekuja kukagua risiti 😭

Mshona Namba

Usicheke, jina la kampuni kuwa jina la timu si jambo la Uganda pekee. Mwaka 1973 Ujerumani ilikuwa marufuku kuweka tangazo kifuani. Eintracht Braunschweig walitaka hela ya Jägermeister, wenye kile kinywaji cha chupa ya kijani. Wanachama wakapiga kura, wakabadilisha nembo ya klabu ikawa kichwa cha kulungu, ambacho ndicho nembo ya kinywaji. Shirikisho likabaki linatoa macho: utakatazaje klabu kuvaa nembo yake? Huo ndio mlango wa matangazo ya kifuani kwenye Bundesliga. Tofauti yao na sisi ni kwamba Braunschweig walikuwa na mashabiki kwanza, kampuni ikawafuata. Sisi kampuni na ofisi za serikali zimeunda timu, sasa zinatafuta mashabiki.

Afande Mstaafu

Vijana, salaam. Naomba kuuliza jambo linalonisumbua siku nyingi. Hawa Cranes wetu wa timu ya taifa wana wadhamini wakubwa, kampuni za simu na za bia zimepita hapo, tunawaona kwenye mabango. Mbona jezi ya mechi haina jina lolote kifuani? Wanakula hela bila kutangaza?

Mwana Busia

Shikamoo Afande. Hapana, ni kanuni za FIFA. Jezi ya timu ya taifa katika mechi rasmi hairuhusiwi kuwa na tangazo la mdhamini. Inayoruhusiwa ni nembo ya shirikisho, nembo ya mtengenezaji kwa ukubwa uliopimwa, namba, jina, na beji ya mashindano. Ndiyo maana kampuni ya simu utaiona kwenye jezi za mazoezi, kwenye basi na nyuma ya kocha anapohojiwa. Ndiyo maana pia nembo ya mtengenezaji kwenye timu ya taifa ni mali kubwa: yuko peke yake pale kifuani. AFCON ya 2019 kule Misri Cranes walivaa Mafro, tukawafunga Kongo mawili bila, tukaenda hadi hatua ya 16 bora tukatolewa na Senegal. Ile nembo ilionekana bure na watu wasiohesabika.

Afande Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Sasa hiyo hela ya "peke yake kifuani" FUFA, shirikisho letu la soka, wanaijua bei yake?

Mwana Busia

Hilo Afande silijibu hadharani 😅 Ila mashirikisho yanaweza kujichanganya hata yakiwa makubwa. Cameroon mwaka 2022, karibu na Kombe la Dunia, walivunja mkataba na Le Coq Sportif, wakaenda Qatar na One All Sports. Kesi ikafika mahakamani Ufaransa. Na Wajerumani, waliovaa Adidas tangu enzi za babu zetu, Machi 2024 walitangaza kwamba kuanzia 2027 hadi 2034 watavaa Nike. Mpaka waziri wa uchumi alilalamika. Shirikisho likajibu kwa ufupi kwamba ofa ya Nike ilikuwa kubwa kupita zote.

Mama Jezi

Jamani na mimi mwenye duka niongee, maana mnaongea kama jezi zinajiuza. Nipo upande wa Nakivubo, nauza jezi na vifaa vya michezo.

Mteja akiingia ananiuliza vitu viwili: "Una Arsenal mpya?" na "Mwisho ngapi?" Za klabu za hapa anauliza mmoja mmoja, wiki ya fainali au timu ikienda Afrika. Vipers walipowatoa TP Mazembe kwa penalti kule Lubumbashi mwaka 2022, niliulizwa jezi yao wiki nzima. Sikuwa nayo hata moja. Na ningeitoa wapi? Hakuna mtu aliyewahi kuingia dukani kwangu akasema, "Mama, mimi natoka klabu fulani, chukua jezi hamsini, uza, tugawane." Hakuna! Wa Arsenal feki anakuja kila wiki, ananiachia mzigo, ananidai mwisho wa mwezi, na zisipouzwa anabadilisha saizi. Huyo mwenye feki ananihudumia kuliko klabu halisi.

Halafu mnisaidie jambo la bei. Nguo zilizoshonwa nje zinaingia Afrika Mashariki kwa ushuru wa asilimia 35, juu yake VAT asilimia 18. Jezi halisi ikishuka hapa imeshakuwa ya waheshimiwa. Mwanafunzi wa Makerere atainunua?

Jinja Yetu

Dada Mama Jezi umegusa penyewe. Ndiyo maana mimi nasema tushone hapahapa! Tuna pamba, tuna kiwanda cha nguo Jinja tangu enzi za Waingereza. Pamba nyingi inasafirishwa nje bila kufumwa, halafu tunainunua tena ikiwa nguo. Kwa nini jezi za ligi zisitoke Jinja?

Mshona Namba

Jinja Yetu, moyo wako uko mahali pake, lakini jezi za mpira siku hizi hazina pamba. Ni polista. Pamba ikinyonya jasho inakuwa nzito, mchezaji anabeba ndoo mgongoni.

Nikuoneshe tunavyofanya, labda itasaidia. Jezi ya kisasa inaanza ikiwa kitambaa cheupe cha polista. Mchoro wote, mistari, nembo, jina la mdhamini, unachapwa kwanza kwenye karatasi, umegeuzwa kama kwenye kioo. Ile karatasi unailaza juu ya kitambaa kilichokatwa, unashusha pasi kubwa, joto kama nyuzi 200, chini ya dakika moja. Wino unageuka mvuke, unaingia ndani ya uzi wenyewe. Ukipitisha kidole huhisi kitu. Haibanduki, haipasuki, unaweza kuifua mpaka kitambaa kiishe rangi ikabaki. Ukijaribu hivyo kwenye pamba, maji ya kwanza yanaondoka na kila kitu. Na ukijaribu kwenye kitambaa cheusi hupati picha.

Zile namba zinazobanduka nilizozisema mwanzo ni njia nyingine: plastiki imekatwa, ikabandikwa juu kwa joto. Ukiharakisha, pasi ikiwa haijashika moto sawasawa, inaanza kunyanyuka pembeni baada ya kufuliwa mara chache. Timu ikisaini mkataba wiki moja kabla ya ligi, unadhani fundi ana muda wa kusubiri pasi?

Kwa hiyo kushona na kuchapa hapa Kampala inawezekana kabisa, mashine zipo, vijana wa Nasser Road wanaziendesha usiku na mchana. Kinacholetwa ni marobota ya kitambaa cheupe. Uwezo wa kushona tunao. Tatizo ni agizo: klabu inakuja na jezi 40. Kwa 40 bei inakuwa juu. Kwa 2,000 ningekushushia mpaka ushangae.

Kamari Haina Baba

Mnazunguka. Hela ya mpira Afrika Mashariki inatoka kwenye kampuni za kubashiri, kila mtu anajua. Simba walisaini na M-Bet 2022, bilioni 26 za Kitanzania miaka mitano. Yanga SportPesa. Hata Everton walivaa SportPesa, wakaja Dar kucheza na Gor Mahia 2017. Sisi tuchukue hizo hela, hadithi za asilimia ya mauzo tuwaachie Wazungu.

Shabiki wa Mzunguko

Na Gor Mahia na AFC Leopards waliishia wapi SportPesa ilipogombana na serikali ya Kenya kuhusu kodi na kufunga mifereji? Klabu zilibaki zinapitisha kofia. Hao Wazungu unaowasema, vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza vilikubaliana Aprili 2023 kuondoa kampuni za kamari kifuani, mwisho ni msimu wa 2025/26. Siku serikali yetu ikiamka na hasira, utavaa nini?

Kamari Haina Baba

Nitavaa URA 😂

Mwana Busia

Tusidhani pia kwamba wakubwa hawakosei. General Motors walisaini na Man United mwaka 2012, dola milioni 559 kwa miaka saba, waweke Chevrolet kifuani. Bosi wa masoko aliyefanya dili akaondolewa kazini siku zilezile. Na kabla hiyo jezi haijavaliwa kwenye ligi mwaka 2014, kampuni ilikuwa imeshatangaza kwamba inaiondoa Chevrolet sokoni Ulaya. Walitangaza gari kifuani kwa timu ya Uingereza na Uingereza haliuzwi!

Tukirudi nyumbani: StarTimes waliingia ligi yetu 2018, mkataba wa miaka 10 wa dola zaidi ya milioni 7. MTN wana jina lao kwenye uwanja wa KCCA pale Lugogo. Hela zipo zinazunguka. Kwa hiyo namuunga mkono Mshona Namba: anayekuja na kitu kinachohesabika analipwa. Televisheni inahesabu visimbuzi, kampuni ya simu inahesabu laini. Jezi zetu hakuna anayezihesabu.

Mhazini wa Daraja la Chini

Wakuu, nimesoma uzi wote kimya. Mimi ni mhazini wa klabu ndogo ya daraja la chini, mkoa siutaji. Kuna kampuni ya jezi imetuletea karatasi wiki hii, ni vilevile alivyosema mleta uzi: seti tatu bure, zaidi ya hapo tununue. Mwenyekiti anataka tusaini Ijumaa, ameshaita waandishi. Tuna mashabiki kweli, siku ya soko uwanja unajaa. Nifanye nini kwa siku hizi chache? Msinipe falsafa, nipeni maneno ya kuandika.

Mshona Namba

Mhazini, hongera kwa kuuliza kabla. Andika haya, mpe mwanasheria ayapambe:

Kwanza, nembo ya klabu ni mali ya klabu. Kama hamjaiandikisha kama alama ya biashara pale URSB, ofisi ya serikali ya usajili, anzeni leo, maana bila hiyo hata ukimkamata wa feki huna la kumwambia. Kampuni inapewa ruhusa ya kuitumia kwa muda wa mkataba peke yake, na mabaki yote yakiisha muda yanarudi kwenu au yanaharibiwa mbele yenu.

Halafu jezi za mashabiki zitajwe waziwazi. Kila jezi inayouzwa iwe na lebo yenye namba ya mfululizo, imeshonwa ndani pembeni chini. Namba hizo mnachapa nyie, klabu, mnawakabidhi kampuni kwa kuandikishana. Wakitaka kushona jezi 300 wanakuja kuchukua lebo 300. Hapo umeshapata hesabu bila kumwomba mtu akuoneshe vitabu vyake. Kwa kila lebo klabu inapata kiasi fulani cha shilingi. Usiandike "asilimia ya faida", utaletewa hasara kila mwaka. Andika shilingi kwa kila lebo.

Na tarehe ya kukabidhi seti za timu iwe siku 30 kabla ya mechi ya kwanza. Kila wiki ya kuchelewa, kampuni inaongeza jezi bure. Hiki kipengele watakikataa, wewe king'ang'anie mpaka wakubali angalau siku 14.

Mama Jezi

Mhazini, na mimi niandike. Nipe jezi 50 za mali kauli kila mwanzo wa mwezi, saizi M na L ziwe nyingi. Za watoto usizisahau, baba akija na mtoto ananunua mbili. Nitakulipa zilizouzwa, zisizouzwa unabadilisha. Na bei usinipangie ya waheshimiwa.

Mhazini wa Daraja la Chini

Asanteni sana. Lebo zinagharimu kiasi gani fundi? Mwenyekiti atauliza hilo kwanza.

Mshona Namba

Lebo ya kufumwa yenye namba, ukichukua 1,000, ni hela ya rolex moja (chapati iliyoviringishwa na mayai) kwa lebo kadhaa. Tena hata kama kampuni itakataa vipengele vingine vyote, lebo ziwekeni. Nitumie ujumbe wa ndani nikuoneshe sampuli, uje nazo kwenye kikao.

Mla Rolex Wandegeya

Rolex ya mayai mangapi fundi? Tuwe wazi kwenye mikataba.

Mshona Namba

Mawili, bila nyanya.

Mhazini wa Daraja la Chini

Nimemwambia mwenyekiti. Waandishi wamesogezwa hadi Jumatatu. Kampuni imeuliza hizo lebo ni za nini.